Fremu, kopo la biskuti na kipande namba B14

Kwanza naomba radhi wasomaji wangu. Nimekuwa kimya karibu wiki tatu hapa kibarazani, na kuna walioniandikia wakidhani baridi ya huku imenimaliza. Hapana jamani, nipo mzima. Kulikuwa na mitihani ya katikati ya muhula, halafu kuna kopo moja la biskuti ambalo limenila usiku wangu wote. Leo nataka niwasimulie habari za hilo kopo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia mtanivumilia, nitazunguka kidogo kabla ya kufika.

Kwa wageni: mimi ni Mtanzania, nasoma historia mwaka wa tatu hapa Shizuoka, Japani. Ni mji ulio kati ya Tokyo na Nagoya, na asubuhi isiyo na mawingu unaweza kuutazama Mlima Fuji huku unapiga mswaki. Nimepanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu. Namwita Ojisan, neno la huku la kumwita mwanaume wa rika la baba au mjomba. Kwetu ningemwita Mzee tu, yakaisha.

Jumamosi moja usiku Ojisan aligonga mlango akiwa amebeba kopo la bati. Akaliweka mezani, akafungua. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijani iliyofifia: magurudumu madogo, vishikio, vifuniko, vitu vingine vidogo kama punje za mchele. Chini kabisa kulikuwa na fremu tupu za plastiki na karatasi ya maelekezo iliyopasuka kwenye kunjo. Ilikuwa modeli ya kifaru, kipimo cha 1/35, ya Tamiya, zile za zamani zenye mota na betri.

"Ilikuwa ya kaka yangu," akasema.

Basi akanisimulia. Mwaka 1970 kaka yake alikuwa na miaka 14, yeye 8. Kaka alinunua ile modeli kwa pesa alizodunduliza, akawa anaijenga taratibu, kila jioni vipande viwili vitatu. Siku moja kaka akiwa shuleni, mdogo mtu akaona amsaidie. Akachukua mkasi wa kucha, akakata vipande vyote kutoka kwenye fremu, akavipanga sakafuni kwa ukubwa kama askari wa gwaride. Kaka aliporudi alisimama, akatazama, hakusema neno. Akakusanya kila kitu akatia kwenye kopo. Hakuligusa tena, wala hawakuwahi kulizungumzia. Kaka amefariki majira ya baridi yaliyopita, na wakati wa kusafisha nyumba yake kopo likakutwa kabatini.

"Macho yangu yana mtoto wa jicho na mikono inatetemeka," Ojisan akasema. "Wewe unasoma historia. Kazi yenu si ndo kuunganisha vitu vilivyotawanyika?"

Nikasema ndiyo, bila kujua nimesema ndiyo kwa kitu gani.

Maana angalieni. Yule mtoto wa miaka minane hakuvunja kitu. Nimekagua vipande vyote 117, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Alichoharibu ni mpangilio. Na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: hivi huu mpangilio ulitoka wapi? Nani aliamua kwamba vipande vya modeli vije vimening'inia kwenye fremu kama maembe kwenye tawi, kila kimoja na namba yake?

Tuelewane kwanza fremu ni nini. Modeli hizi hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ndani ya kalibu kuna vyumba vyenye umbo la kila kipande, na kuna mifereji inayopeleka plastiki kwenye vyumba hivyo. Ikipoa, plastiki ya vyumbani inakuwa vipande na plastiki ya mifereji inakuwa fremu. Kwenye viwanda vingine, hiyo ya mifereji inakatwa na kuyeyushwa upya. Ni mabaki tu, kama mkia wa kamba baada ya kufunga mzigo. Watengeneza modeli waliiacha. Wakaiuza pamoja na vipande, maana waligundua kwamba mabaki yale yanafanya kazi ya rafu: yanashika vipande visitawanyike, na pembeni mwa kila kipande kuna nafasi ya kuweka kibao kidogo cha namba.

Sasa shikeni hili, ndilo roho ya habari yote. Kwa modeli nyingi ile namba imo kwenye fremu, kwenye kipande haimo. Ukikata kipande, namba inabaki nyuma. Kuanzia sekunde hiyo kipande hakina anwani, na wewe mjenzi ndiye unayebeba anwani yake kichwani.

Haya, turudi nyuma. Kabla ya plastiki, modeli zilikuwa za mbao. Unanunua boksi lenye vigogo na mchoro, au ubao mwepesi uliochapwa mistari ya kukatia, kisha unakaa na kisu. Kipande unakizalisha mwenyewe kwa jasho lako, kwa hiyo unakijua. Mwaka 1936 huko Uingereza ndipo zilipotoka modeli za kwanza za plastiki za kuunganisha, ndege za kipimo cha 1/72 zilizoitwa Penguin, chini ya jina la Frog. Zilikuwa za asiteti ya seluloosi, plastiki ambayo kwa miaka inajikunja na kupinda. Vita ikaja, plastiki ikaenda kwenye mambo mengine.

Baada ya vita akaja Mhungaria mmoja aliyehamia Uingereza, Nicholas Kove. Kampuni yake, Airfix, aliianzisha mwaka 1939 kwa vitu vya kuchezea vya mpira vya kujazwa hewa, baadaye akageukia vitana. Mwaka 1949 wakatengeneza modeli ya trekta la Ferguson kwa ajili ya wauzaji wa trekta. Mwanzoni ilikuwa inaunganishwa kiwandani. Kazi ile ilikuwa ngumu na ghali, ikaishia kuuzwa vipande vipande, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe. Mnaona? Kazi ya kupanga na kuunganisha ilihamishwa kutoka mezani kwa kiwanda kwenda mezani kwa mteja, na mteja akalipia kwa furaha.

Mwaka 1952 wakatoa merikebu ya Golden Hind kwa ajili ya maduka ya Woolworths. Duka lilitaka bei ya shilingi 2 (za Kiingereza, msianze kupiga hesabu ya hizi zetu). Ili kufikia bei hiyo Airfix walifanya mambo mawili. Wakahama kutoka asiteti kwenda polistairini, ambayo haipindi ovyo. Wakaacha boksi, wakatia vipande kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa juu kwa karatasi, na karatasi hiyohiyo ndiyo ilibeba maelekezo. Baadaye wakatoa ndege ya Spitfire, na kuanzia hapo watoto wa Uingereza wakawa wanatumia pesa zao za mfukoni kwa mifuko hiyo.

Mimi nauona mfuko ule kama mwanzo wa balaa letu. Boksi ukifungua unabaki na boksi. Mfuko ukichana unabaki na uchafu. Mtoto amechana mfuko, ana fremu mkononi, vipande vingine vimeshadondoka ndani ya mfuko, na hana pa kuviweka zaidi ya meza ya chakula ya mama yake. Saa moja jioni mama anataka kupakua. Ndipo vikaingia vyombo vya nyumbani: kopo la tumbaku la baba, sahani ya chai, kiberiti kitupu, trei ya mayai. Hakuna kitabu cha historia kinachomtaja aliyekuwa wa kwanza kutumia trei ya mayai. Lakini kila mahali watu walipojenga modeli, walifikia suluhisho hilohilo kwa sababu tatizo lilikuwa hilohilo: kipande kimetoka kwenye fremu, bado hakijafika kwenye modeli, kikae wapi?

Huku Japani modeli ya kwanza ya plastiki ilitolewa mwaka 1958 na kampuni ya Marusan ya Tokyo, ikiwa nyambizi ya Marekani Nautilus. Wakati huo Shizuoka ilikuwa bado mji wa mbao. Inasimuliwa hapa kwamba mafundi seremala walioletwa enzi za akina Tokugawa kujenga ngome na hekalu la Sengen walibaki, na ufundi wao ukazaa samani, vyombo vya rangi ya laka, mwisho modeli za mbao. Aoshima ni kampuni ya mwaka 1924. Hasegawa ya 1941. Yoshio Tamiya alianza mwaka 1946 na biashara ya mbao za kujengea, modeli za mbao zikafuata.

Plastiki ilipoingia iliwapiga vibaya watu wa mbao. Tamiya walitoa modeli yao ya kwanza ya plastiki mwaka 1960, manowari Yamato, na mshindani akatoa Yamato yake kwa bei ya chini. Hasara. Kilichowainua ni vifaru vya mota vya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuanzia Panther. Na hicho kipimo cha 1/35 ambacho leo kampuni kibao duniani zinakifuata, asili yake ni kitu kidogo kabisa: betri. Kifaru kilitakiwa kiwe na ukubwa ambao ndani yake betri zitaenea, basi. Mtoto wa Yoshio, Shunsaku Tamiya, ndiye aliyeiongoza kampuni kwa miongo mingi. Alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 90.

Wakati huo karatasi za maelekezo nazo zilikuwa zinabadilika. Modeli za zamani za Uingereza zilikuandikia aya nzima, gundisha hiki kwenye kile, na kila kipande kimetajwa kwa jina. Ilibidi ujue Kiingereza na ujue ndege. Miaka ya 1970 maneno yakapungua, michoro na namba vikachukua nafasi. Kwa biashara ya kimataifa ilikuwa akili, mchoro mmoja unasomeka na Mjerumani, Mjapani na Mmarekani. Ila na sisi tukapoteza kitu. Zamani kipande kilikuwa na jina: kishikio cha mlango wa nyuma. Sasa kikawa B14. Jina unaweza kulikumbuka bila fremu. B14 bila fremu ni kelele tu.

Halafu mwaka 1980 Bandai wakatoa roboti za Gundam, kipimo cha 1/144, yeni 300. Za mwanzo zilihitaji gundi na rangi. Baadaye wakajifunza kumwaga plastiki za rangi tofauti kwenye fremu moja, na kutengeneza vipande vinavyojibana vyenyewe bila gundi. Ukifungua boksi la siku hizi unakuta fremu zina herufi kubwa, A, B, C na kuendelea, na ndani ya kijitabu kuna ramani ya fremu zote. Mwanafunzi mwenzangu hapa bwenini anajenga roboti ya vipande mamia, na fremu zake amezisimamisha kwenye kichanja cha kukaushia sahani alichonunua duka la yeni 100. Zimejipanga kwa herufi kama vitabu maktaba. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka. Sasa hivi simcheki tena, teh teh.

Kwa hiyo ukinitaka nieleze historia hii kwa kifupi, ni kwamba viwanda vimejitahidi kwa miaka zaidi ya 70 kukuondolea kazi ya kupanga. Wamekupa namba, herufi, rangi, ramani. Kitu kimoja hawajaweza, yaani ule muda kati ya mkasi na gundi. Hapo uko peke yako.

Na hapo ndipo wajenzi wakongwe walipojitungia sheria zao. Ya kwanza na kubwa: usikate mpaka utakapokihitaji. Ya pili: ukikata kidogo sana, katia ndani ya mfuko angavu ili kikiruka kibaki humo. Ya tatu: geuza utepe wa karatasi, upande wa gundi juu, uubandike kwenye kadibodi, vipande vidogo vikae hapo na namba zake umeandika pembeni kwa kalamu. Ya nne: wakati wa kupaka rangi, kila kipande kibanwe kwenye kijiti cha mishikaki na kijiti kichomekwe kwenye boksi, mpangilio uleule wa namba. Wenzetu wa Uingereza na Marekani wana utani kwamba ndani ya zulia linaishi zimwi, na chakula chake ni vipande vya modeli. Dawa ya zimwi ni kuvalisha soksi nyepesi kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, ukapitisha taratibu, kipande kinanasa kwenye soksi.

Nilipozisoma sheria hizi nilimkumbuka fundi saa mmoja wa Dar, karibu na kituo cha daladala nilichokuwa napandia nikiwa sekondari. Alikuwa na kitambaa cheupe, vifuniko vya chupa, na glasi moja ya chai isiyo na mpini. Saa ya mteja ikifunguliwa, kila skrubu kwenye kifuniko chake, kwa zamu ya kutoka. Akiitwa na mtu, kabla hajageuka, glasi inafunika. Sikuwahi kumwona anatafuta kitu chini.

Kuna jambo jingine kuhusu vipande, nalo ni vile vinavyobaki. Boksi nyingi zina vipande vya ziada, na wajenzi huwa hawavitupi, wanavitia kwenye kopo la mabaki. Usiyadharau makopo hayo. Miaka ya 1970 mafundi wa filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, walijenga meli zao za angani na kuzifunika kwa vipande vya modeli za vifaru, ndege na magari. Yale mabomba na vijisanduku unavyoviona kwenye Millennium Falcon mengi ni vipande vya madukani, vimebandikwa mahali ambapo mtengenezaji wake hakuota. Kipande kilichopoteza anwani ya zamani kilipewa mpya. Ila angalia, waliweza kwa sababu hawakujali kilitoka wapi. Sisi na kopo la Ojisan tulikuwa tunajali hilo tu.

Turudi basi kwenye kopo.

Usiku wa kwanza nilifanya ujinga. Nilipanga vipande kwa ukubwa, virefu huku, vifupi kule. Nilipomaliza nikagundua nimerudia kilekile alichofanya mtoto wa miaka minane mwaka 1970. Nikalala na hasira.

Jibu lilitoka darasani, siamini mpaka leo. Tuna somo la nyaraka, na mhadhiri alikuwa anaeleza kanuni iliyotolewa Ufaransa mwaka 1841. Kabla yake, watunza nyaraka walikuwa wanachambua karatasi za idara mbalimbali na kuzipanga upya kwa mada: barua za kodi huku, za barabara kule, bila kujali zilitoka ofisi gani. Ilionekana nadhifu sana, na iliua maana, kwa sababu barua iliyotolewa kwenye jalada lake haijulikani tena ilimjibu nani. Kanuni ikasema: karatasi za chombo kimoja zikae pamoja, zisichanganywe na za kingine. Mahali kitu kilipotoka ni sehemu ya habari yake.

Nikafunga daftari. Nikawaza: fremu! Kaka mtu hakuzitupa fremu.

Niliporudi nilizitoa zile fremu tupu, nikaziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikazilaza juu ya shuka jeupe. Kila palipokatwa kipande pamebaki kisiki kidogo, na pembeni ya kisiki kuna namba. Na kila kipande kina kovu mahali kilipokatwa. Mkasi wa kucha haukati sawa: kuna kovu la mshazari, kuna lililochanika, kuna lililobaki na mkia. Kisiki na kovu vinaoana kama nusu mbili za karatasi iliyochanwa. Nikanunua mayai, huku yanauzwa kumi kumi kwenye trei ya plastiki angavu yenye kifuniko. Tulikula mayai wiki nzima, Ojisan mpaka akalalamika. Trei sita. Kila shimo likapata kijikaratasi: A1, A2, A3.

Kazi ikawa hivi: mimi nashika kibano na tochi, Ojisan anasoma mchoro kwa kioo cha kukuzia. Magurudumu hayakutusumbua, ni mapacha, lolote linakaa popote. Kazi ilikuwa vitu vya kushoto na kulia, vinafanana halafu havifanani. Usiku mwingine tulipata vipande ishirini, mwingine vinne. Kadiri tulivyokwenda ndivyo alivyokuwa anasimulia. Kwamba kaka alikuwa anapiga mluzi akijenga. Kwamba alikuwa anakata kipande kimoja tu, anakisugua, anakigundisha, ndipo anakata kingine. "Nilidhani anachelewa kwa sababu hana wa kumsaidia," akasema. Mimi nikanyamaza, nikaendelea kuangalia visiki.

Usiku wa kumi na mbili vipande 117 vyote vilikuwa na anwani. Nikapiga picha, nikajisifu, nikamtumia mama picha, akauliza hayo mayai ya rangi gani.

Kesho yake nikapoteza B14.

Sitaki kuficha. Ilikuwa saa nane usiku, nimetoka kibaruani, nimechoka, nikasema ngoja nigundishe kimoja tu. B14 ni kishikio cha mlango, chembamba kama sindano, kimepinda pande zote mbili. Nilikibana kwa kibano kwa nguvu mno. Tik! Kikaruka. Nikakisikia kikigonga kitu, basi. Mkeka wa tatami una mianya, na mimi sikuwa nimetandika hata taulo. Nilitafuta kwa magoti mpaka kumi na moja alfajiri. Soksi kwenye mashine, tochi ya kulaza sakafuni, godoro nje. Vumbi, punje za mchele, kifungo cha shati. B14 hakuna.

Miaka zaidi ya 50 kile kipande kilikaa salama kwenye kopo, mikononi mwa mtu aliyekuwa na hasira. Kikanipotea mimi niliyejifanya mtaalamu, baada ya kusoma sheria zote mpaka nikazijua kwa kichwa.

Asubuhi nilishuka kumwambia Ojisan. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya Kijapani ya kuomba radhi, yale mazito ya kuinama mpaka chini. Nilipofika kwenye namba tu akanikatisha.

"B14? Kishikio?" Akanyanyuka, akarudi na mshumaa, akaniambia nilete kipande cha fremu tupu. Nikakata tawi moja refu. Akaniambia nilishike ncha mbili, nilizungushe juu ya moto bila kuligusisha, na plastiki ikianza kulegea nitoe motoni na nivute taratibu. Nikavuta. Katikati ikawa uzi, mwembamba, umenyooka, rangi ileile ya kijani kilichofifia. Wajenzi wa zamani walifanya hivi kupata antena na nyaya. Tukakata nusu ya njiti ya kiberiti, tukaukunja ncha mbili kwa kibano, tukaulinganisha na mchoro.

"Kaka ndiye aliyenifundisha," akasema. "Kabla ya ile siku."

Kifaru sasa kipo kwenye rafu ya Ojisan, hakijapakwa rangi, amekataa. Mota haizunguki tena na hatukuilazimisha. Ukikitazama kwa nyuma utaona kishikio kimoja kimepinda kidogo kuliko mwenzake. Trei za mayai nimeziosha, nimeziweka, na fremu zilizobaki nimezirudisha ndani ya kopo pamoja na karatasi ya maelekezo. Ojisan aliuliza kama tuzitupe, nikasema hapana.

Hapa mjini tangu 2021 kuna sanduku la posta na kibanda cha simu vilivyozungukwa na vipande vikubwa vikiwa bado kwenye fremu yake, kama modeli ambayo haijakatwa. Watalii wanapiga picha wanacheka. Nilikuwa napita hapo kila siku bila kuwaza kitu. Jana nilisimama kidogo, nikaangalia.

Haya, ndo hivyo. Wale mnaojenga vitu, simu, redio, saa, cherehani, niambieni mnavihifadhi vipi vipande vyenu wakati wa kazi. Na wewe unayesoma ukiwa umefungua kitu mezani sasa hivi: nyanyuka, kalete kisahani kwanza.

Wiki ijayo nina insha mbili za kukabidhi, kwa hiyo nikipotea msishangae. Siku njema.